Naomba ushauri: kuingiza uendelevu kwenye hesabu za somo la fedha

Habari za kazi, walimu wenzangu. Nafundisha usimamizi wa fedha, shahada ya biashara, hapa Tanzania. Mada ya uendelevu imepangwa wiki ya mwisho, na wanafunzi wanaiona nyongeza tu. Nataka iingie kwenye hesabu zenyewe.

Nimejaribu hatifungani ya kijani (dhamana ya mkopo wa miradi ya mazingira) ya 2024 ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga: shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba asilimia 13.5. Walikokotoa bei vizuri, wakaishia hapo. Kuhusu maji yenyewe, kimya.

Kinachonikwamisha zaidi ni mfano wa mgodi. Gharama ya kufukia mashimo, tuseme milioni 100 mwaka wa 20, ukiipunguza kwa asilimia 15 kwa kila mwaka ili kupata thamani yake ya leo, inabaki kama milioni 6 tu. Mwanafunzi anapitisha mradi. Hesabu ni sahihi, ila wanaoishi jirani na shimo hawaonekani popote kwenye jedwali, na hilo linaniuma.

Je, gharama kama hizi mnazipunguza kwa kiwango kilekile cha mradi, au mnatumia kidogo zaidi? Na kwenye mtihani mnatungaje swali lisigeuke insha?

Natanguliza shukrani.