Wana wa Bi Mwana, Jumapili usiku

Zuhura: Jamani nimemaliza Game of Thrones. Yote. Sina hata hamu ya kula

Idd: 😂😂 Karibu kilioni. Sisi wenzio tuna matanga tangu Mei 2019

Zuhura: Kaka Idd usicheke. Kengele zimelia, mji umesalimu amri, askari wametupa panga chini. Daenerys anaunguza nini tena?? Wale watoto wamemkosea nini?

Shangazi Rukia: Nani kaunguza watoto? Wapi huko?

Zuhura: Shikamoo shangazi. Ni tamthilia

Shangazi Rukia: Marahaba. Mmenitoa roho. Ni yule binti wa majoka, nywele nyeupe?

Zuhura: Huyo huyo

Mjomba Hamisi: Mpwa wangu, yule binti alianza zamani. Kule Meereen, mji wa watumwa alioukomboa, aliwatundika mabwana 163 misalabani, hakuuliza yupi mwema yupi mbaya. Msimu wa saba akawachoma akina Tarly, baba na mwana, kisa wamekataa kupiga magoti. Wote tulikuwa tunashangilia

Zuhura: Mjomba, wale mabwana walikuwa na watumwa! Na wao ndio walioanza, walitundika watoto 163 njiani

Mjomba Hamisi: Idadi aliilipa sawasawa. Kesi hakusikiliza hata moja

Salma: Samahani kuwakata. Mchango wa harusi bado watu wanne hawajatuma. Wanajijua

Idd: Mjomba, dalili zilikuwepo, sibishi. Ninacholalamikia ni haraka. Misimu sita ya mwanzo kila mmoja una sehemu kumi. Wa saba zikawa saba, wa mwisho sita. Mtu aliyekuwa mkombozi anageuka kuwa muuaji wa mji mzima, halafu unampa sehemu mbili tu: rafiki yake Missandei kakatwa kichwa, joka kapigwa mshale, chakula hali, nywele hazijasukwa. Basi, kashakuwa kichaa

Zuhura: Zile nywele!! Mimi hapa wiki ya pili sijasuka, nimechoma nini?

Salma: Umechoma wali juzi

Zuhura: 🙄 Salma rudi kwenye michango yako

Idd: Na safari je? Mwanzoni Mfalme Robert anakwenda Winterfell kule kaskazini, mkewe Cersei analalamika wamekuwa njiani mwezi mzima. Ukija msimu wa saba, watu wamezingirwa kwenye barafu kule nyuma ya Ukuta. Mwenzao Gendry anakimbia kwa miguu mpaka ngomeni, kunguru anaruka na barua hadi Dragonstone, ngome ya Daenerys, majoka yanakuja, na wale watu bado wamesimama pale pale juu ya jiwe

Mjomba Hamisi: Hapo sina utetezi. Mimi vita vya usiku, vile vya msimu wa nane, ndivyo vilinimaliza. Nilidhani TV imekufa. Nikaongeza mwanga hadi mwisho, naona vivuli tu vinapigana. Nasikia walipiga picha usiku 55, baridi na mvua. Usiku 55 halafu mtazamaji haoni kitu!

Zuhura: Mimi nilijua ni flashi ya yule kijana wa kibandani. Maana alishaniwekea sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza kabla ya ya saba, nikaona Ned, yule bwana wa Winterfell, anakatwa kichwa wakati sijui hata amekamatwa lini

Idd: 🤣🤣 Pole sana

Shangazi Rukia: Mimi niliacha siku ile baba alipomchoma bintiye. Yule mtoto mwenye alama shavuni, aliyekuwa akifundisha watu kusoma. Analia "baba, mama", na baba kasimama anatazama. Nikazima

Zuhura: Shireen 😭

Idd: Shangazi, vitabuni yule mtoto bado yu hai. Tamthilia ilivipita vitabu. Mwandishi wake, Martin, alitoa cha tano 2011, mwaka ule ule tamthilia ilipoanza, na cha sita tunakisubiri mpaka leo. Ndiyo maana hao watengenezaji huku mwishoni walikuwa wanajitungia wenyewe wakiwa na muhtasari tu mkononi

Shangazi Rukia: Basi heri asimalize, mtoto akae salama

Mjomba Hamisi: 😂 Dada yangu kashatoa hukumu

Zuhura: Na Bran, yule mtoto wa Ned, kuwa mfalme nani alimchagua? Msimu wa tano mzima hakuonekana hata kidogo

Idd: Usinikumbushe. Watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi mtandaoni msimu wa nane urudiwe. Haukurudiwa, na tuzo ya Emmy ya tamthilia bora ikachukua mwaka ule ule

Zuhura: Sasa hii House of the Dragon, tamthilia ya mababu wa Daenerys, nianze au nijihurumie?

Idd: Anza. Hiyo kitabu chake kipo, kilitoka 2018, na vita vyote vimo mpaka mwisho. Kimeandikwa kama historia, mashahidi walionukuliwa humo wanapingana nani alisema kweli. Tena hapo majoka ni mengi, ndugu kwa ndugu wanagombea kiti

Mjomba Hamisi: Kama wale wa shamba la Muheza

Salma: Mjomba!!

Mjomba Hamisi: Nimenyamaza

Shangazi Rukia: Idd, humo kuna mtoto anachomwa?

Idd: Hachomwi shangazi

Shangazi Rukia: Sikukuuliza hivyo. Mtoto anaguswa?

Idd: ...Msimu wa pili, sehemu ya kwanza. Ila hawaonyeshi, unasikia tu

Shangazi Rukia: Siangalii. Salma, nitumie namba ya mchango