Mtu akiachiwa na Mahakama Kuu kwa kesi ya mauaji ya mtoto, ndiyo imekwisha?

Mama Zubeda, Bombo

Asalaam aleikum ndugu zangu. Anayejua mambo ya mahakama za hapa Uganda naomba anisaidie, na anijibu upesi, maana nahisi siku zinatukimbia.

Mtoto wa mdogo wangu alichukuliwa njiani akitoka kuteka maji. Kijiji kizima kilitoka na tochi usiku ule, mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji) mbele. Alikuja kuonekana kwenye shamba la mihogo, na hali aliyokutwa nayo sitaiandika hapa. Polisi wakamkamata mganga mmoja. Mganga akamtaja mfanyabiashara wa senta yetu, kwamba ndiye aliyetoa pesa na ndiye aliyemleta mtoto kwa gari. Wote wawili wakaenda rimandi. Baadaye mganga akaondolewa mashtaka, akawa shahidi wa serikali.

Alhamisi iliyopita hukumu ikasomwa. Nilikaa benchi la pili na mdogo wangu. Mezani kwa karani palikuwa na sweta ya shule ya mtoto, imo kwenye mfuko wa nailoni, imebandikwa kikaratasi cha kielelezo. Kiwiko chake mdogo wangu alikirudishia kwa uzi wa bluu kwa kuwa wa kijani ulikuwa umemwishia, na ile bluu tuliiona vizuri kutoka tulipokaa. Jaji alisoma muda mrefu sana. Alisema mganga naye ni mshiriki wa uovu huohuo, kwamba maneno yake peke yake ni hatari kuyategemea na hakuna kitu kingine kilichoyashika mkono. Mshtakiwa akaambiwa yuko huru. Jioni ileile alikuwa barazani kwa duka lake, watu wanampa mkono. Mdogo wangu ana kibanda cha nyanya upande wa pili wa barabara. Tangu siku hiyo hajakifungua.

Hapa majirani wanasema kesi ya mauaji ikishaamuliwa haiguswi tena. Lakini mimi nakumbuka yule Kajubi wa Masaka aliachiwa, halafu akaja akafungwa maisha. Ilikuwaje kwake? Na sisi tunaweza?

Kijana wa Malaba

Pole sana mama. Nikwambie ukweli unaouma: mtu haadhibiwi wala hashtakiwi mara mbili kwa kosa moja, hiyo iko mpaka kwenye Katiba. Kajubi walimrudisha kwa sababu nchi nzima ilipiga kelele. Nyinyi nani atawapigia kelele? Hapo pesa imeshapita. Muombeeni mtoto, muangalie waliobaki.

Mkalimani Mstaafu, Masaka

Mama Zubeda, poleni sana, wewe na mdogo wako. Nimefanya kazi ya ukalimani mahakamani, Luganda na Kiswahili, mpaka nikastaafu, na nakuomba usiyachukue maneno ya huyo kijana hapo juu. Hayo aliyoyataja yamo kwenye Katiba kweli, ila amesoma nusu ya sentensi. Ibara ya 28, kifungu kidogo cha 9, inasema aliyekwisha kuhukumiwa au kuachiwa na mahakama yenye mamlaka hatashtakiwa tena kwa kosa hilo, isipokuwa kwa amri ya mahakama ya juu zaidi katika rufaa au mapitio. Hiyo "isipokuwa" ndiyo iliyomrudisha Kajubi. Kelele zilikuwepo, lakini kelele hazimfungui jalada jaji. Kilichofungua jalada ni rufaa ya DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka wa serikali.

Nikueleze mwenendo wake, kwa sababu unafanana sana na wenu.

Ilikuwa Oktoba 2008. Mvulana wa miaka 12 aliuawa katika kijiji cha Kayugi, hapa Masaka, mwili ukapatikana kwenye kinamasi bila kichwa. Aliyeshtakiwa ni Godfrey Kato Kajubi, tajiri mwenye majumba. Mganga na mkewe walikamatwa, kisha wakawa mashahidi wa serikali, na wao ndio waliosema mtoto aliletwa na nani. Mwaka 2010, hapa kwenye Mahakama Kuu ya Masaka, Jaji Moses Mukiibi hakuukubali ushahidi wa watu hao wawili, akamwachia mshtakiwa. Watu walitoka uwanjani pale wakilia kama waliotoka mazikoni mara ya pili.

DPP akakata rufaa. Mahakama ya Rufaa ikaitengua ile hukumu na kuamuru kesi ianze upya mbele ya jaji mwingine. Kajubi akakamatwa tena. Safari hii alikaa Jaji Mike Chibita, na mganga na mkewe wakaitwa tena kutoa ushahidi. Julai 2012 Kajubi akatiwa hatiani na kupewa kifungo cha maisha. (Chibita mwenyewe baadaye alikuwa DPP, na sasa ni jaji wa Mahakama ya Juu.) Basi kosa ni lilelile, mtu ni yuleyule, mji ni uleule, na hukumu mbili zisizofanana.

Sasa la mganga. Watu wengi wanadhani mshiriki wa uhalifu hawezi kuaminiwa mahakamani. Sheria ya Ushahidi ya Uganda inasema mshiriki ni shahidi halali, na hukumu haiharibiki kwa sababu tu imesimama juu ya maneno yake yasiyo na kiegemeo. Ila majaji wana desturi ya miaka mingi, nayo ni nzuri, ya kujionya kwanza: huyu naye anaokoa shingo yake, anaweza kumbebesha mwenzake mzigo. Kwa hiyo wanatafuta kitu cha pembeni kinachomgusa mshtakiwa. Jaji wenu alitafuta, akasema hakukiona. Swali ambalo Mahakama ya Rufaa itajiuliza ni kama kweli hakikuwepo, au kilikuwepo kwenye ushahidi na akakiruka. Wao wanaupima ushahidi wote upya, hawamfuati jaji wa kwanza kwa macho yamefumbwa.

Na hapa ndipo pa haraka, mama. Rufaa hiyo si ya familia. Nyinyi hamwezi kuikata, hata mkiwa na wakili wenu. Anayeikata ni DPP peke yake, na notisi ya rufaa lazima iwekwe ndani ya siku 14 tangu hukumu kusomwa. Ukisema Alhamisi iliyopita, basi hesabu leo. Nendeni kwa wakili wa serikali aliyeendesha kesi, kwa miguu yenu, msipige simu tu. Mwambieni mnaomba notisi iwekwe, na mnaomba barua yenu ya maombi igongwe muhuri wa kupokelewa. Wazee wa baraza walisemaje? Maoni yao hayamfungi jaji, lakini kama walishauri atiwe hatiani, hilo nalo mwandike kwenye barua.

Afande wa zamani, Arua

Mzee amemaliza upande wa sheria. Mimi niongeze upande wa faili, kwa sababu nimekaa CID, idara ya upelelezi ya polisi.

Mama, jiulize: kwenye kesi yenu kulikuwa na rekodi za simu? Mfanyabiashara na mganga hawakukutana kwa ndoto. Walipigiana. Rekodi inaonyesha nani alimpigia nani, saa ngapi, na mnara gani uliishika hiyo simu. Mtu anaweza kusema usiku ule nilikuwa Kampala, na mnara ukasema alikuwa kilomita mbili kutoka kwenye lile shamba. Hicho ndicho kitu cha pembeni anachokisema mzee. Mganga anaweza kudanganya, mnara hauna ugomvi na mtu. Pia lile gari: lilionekana? Kuna mtu wa bodaboda, mwenye kituo cha mafuta, mwanamke aliyekuwa anachoma mahindi njiani? Kama waliandika maelezo polisi lakini hawakuitwa mahakamani, majina yao yamo kwenye faili. Rufaa husikilizwa kwa yale yaliyokwisha kusemwa, si rahisi kuingiza mapya. Lakini kesi ikiamriwa kuanza upya, mlango wa mashahidi hao unafunguka.

Jambo la pili, na nalisema kwa uzito. Najua hapo kijijini kuna vijana wanaosema tukachome lile duka. Wazuieni. Wakichoma, kesho wao ndio watakaokuwa rimandi, na huyo bwana ataingia mahakamani kama mlalamikaji. Zaidi ya hapo mtawapoteza mashahidi, kila mtu ataogopa. Mtu akimtisha mdogo wako, au akija na bahasha ya "tuyamalize", aende kituo cha polisi iandikwe kwenye kitabu, apewe namba. Pesa hiyo msiishike hata kwa kuihesabu.

Kijana wa Malaba

Mzee, nimekuelewa kuhusu Katiba, asante. Lakini swali moja: wakishinda rufaa, mbona Kajubi alipewa maisha na si kitanzi? Mauaji si ni kifo?

Mkalimani Mstaafu, Masaka

Zamani ilikuwa lazima, ukikutwa na hatia ya mauaji jaji hana la kuchagua. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, ikasema ulazima huo unapingana na Katiba. Kifo kimebaki kwenye sheria, ila jaji anapima. Na maisha si ile miaka 20 watu waliyokuwa wanaihesabu. Mwaka 2011 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Tigo, ilisema maisha ni uhai wote wa mfungwa. Tena tangu 2021 tunayo sheria maalumu ya kuzuia kafara za binadamu, inayomkamata hata anayegharamia. Kesi ya mama Zubeda ni ya mauaji, basi hapo tubaki kwenye mauaji.

Mama Zubeda, Bombo

Mungu awalipe. Nimemsomea mdogo wangu yote haya, akaniambia nisome tena pale pa Kayugi.

Leo asubuhi tumekwenda kwa wakili wa serikali, mimi, mdogo wangu na mwenyekiti wa LC. Mara ya kwanza tuliambiwa turudi wiki ijayo. Mwenyekiti akasema wiki ijayo siku 14 zitakuwa zimekwisha, tutasubiri hapa hapa kwenye ngazi. Tukasubiri. Alasiri wakili akatuita ndani, akafungua faili mbele yetu. Mzee wa baraza mmoja alishauri atiwe hatiani, mwingine alikataa. Rekodi za simu ziliombwa, barua ya kuziomba imo, majibu hayamo. Mdogo wangu akamuuliza, "Na nyinyi mlienda mahakamani bila hayo majibu?" Hakujibu. Akaandika.

Ametuahidi notisi itawekwa kesho. Barua yetu imegongwa muhuri, ninayo kwenye mkoba. Je, notisi ikishawekwa, nitajuaje kama kweli imewekwa?

Mkalimani Mstaafu, Masaka

Nenda kesho jioni kwenye masjala ya mahakama iliyotoa hukumu, notisi huwekwa hapo hapo. Muulize karani, utaje namba ya kesi, umuombe akuonyeshe nakala yenye muhuri na tarehe. Piga picha. Rufaa ikishafunguliwa Kampala itapewa namba yake, nayo uifuatilie mpaka uipate. Na ombeni mwenendo wa kesi uchapwe mapema, rufaa nyingi hulala miaka kwa kusubiri mwenendo kuchapwa. Ukikwama, andika hapa.