Katani kwenye matofali ya udongo na saruji: vipimo vikoje?

Mkazi wa Muheza: Wakuu, nataka kufyatua matofali ya kufungamana kwa udongo mwekundu wa huku kwetu, mashine ni ya mkono. Katani ipo tele. Nikiichanganya naweza kupunguza saruji? Naomba na vipimo.

Fundi Ngoto: Saruji usiipunguze mkuu. Ndiyo inayolifanya tofali lisiyeyuke kwa mvua. Katani kazi yake ni kushika ufa usiachame. Anza na udongo wenyewe. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi na mboji, maana mboji inazuia saruji kushika. Tengeneza kisanduku cha mbao, ndani sentimita 60 kwa 4 kwa 4, kipake oili, jaza tope la udongo huo, weka kivulini wiki nzima. Ukisinyaa kwa urefu kati ya milimita 15 na 30, mfuko wa saruji wa kilo 50 unachukua ndoo 24 za lita 20, udongo uliochekechwa. Ukisinyaa zaidi, tia mchanga kwanza ndipo upime upya. Udongo mweusi wa mbugani achana nao kabisa.

Singa: Katani iwe nusu asilimia ya uzito wa udongo, kama kilo 3 kwa mfuko huo. Katakata sentimita 2 hadi 4, loweka usiku kucha, suuza, anika. Ina sukari inayochelewesha saruji. Usizidishe. Katani nyingi hushindiliwa kisha hujirudi kama springi, tofali linavimba likitoka tu mashineni na kuchanika ubavuni.

Mkazi wa Muheza: Na nyuzi zikijikunja mabonge?

Singa: Changanya udongo na saruji vikavu mpaka rangi iwe moja. Mmoja ageuze kwa beleshi, mwingine anyunyize nyuzi huku akizichambua kwa vidole. Maji mwisho, kwa keni ya bustani. Finyanga donge, liachie kutoka usawa wa bega: likipasuka vipande vinne au vitano, sawa, likiwa unga, ongeza maji, likibaki bonge, yamezidi. Fyatua yote ndani ya saa moja, kwa hiyo changanya nusu mfuko nusu mfuko.

Fundi Ngoto: Naongezea. Yafunike nailoni kivulini, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, jenga baada ya siku 28. Kozi (safu) za chini za ukuta weka mawe au bloku za saruji: ukali wa saruji hula nyuzi taratibu, na palipo na unyevu huzila haraka zaidi.