Naomba ushauri: maoni ya walaji kuhusu mgahawa wa Kithai yananichanganya

Ndugu wanakikundi, habari zenu. Ningependa kumpeleka mke wangu, ambaye karanga na kamba humvimbisha midomo, katika mgahawa wa Kithai ulio karibu nasi, lakini maoni ya walaji yanapingana: mmoja anausifu mchuzi wa kijani wenye tui zito na harufu ya mchaichai, mwingine aliomba pilipili kidogo akaishia kutokwa machozi. Kuhusu mzio, hakuna aliyegusia.

Nimepiga simu, mhudumu alisema pad thai (tambi za mchele za kukaanga) huweza kupikwa bila karanga, ila nilipouliza iwapo viungo vya mchuzi husagwa pamoja na uduvi uliochachushwa, alisita.

Je, wenye mzio kama huo huagiza chakula gani cha Kithai? Na je, nisisitize kuzungumza na mpishi mwenyewe?