Mjadala: Je, bucha zikatazwe kutoa mapafu na maini mabichi ya kulisha mbwa?

Mwanzisha mjadala (Manyatta, Kisumu)

Wafugaji wenzangu, msimamo wangu ni huu: bucha na machinjio zisimpe mtu mapafu wala maini mabichi ya mbwa. Yachemshwe kwanza palepale.

Hadi mwaka jana ningepinga jambo hili. Chakula cha mfuko kilikuwa kimenishinda bei, nikasoma kuhusu mtindo ulioenezwa na Ian Billinghurst, daktari wa mifugo wa Australia, tangu 1993: mbwa ale nyama mbichi pamoja na mifupa yake. Mimi nikashika hiyo nyama, mifupa nikaiacha. Kila jioni nilipitia bucha, nikapewa mapafu na vipande visivyouzika, nikamkatia mbwa wangu mchanga. Manyoya yaling'aa kweli. Alipofika miezi 5, miguu ya mbele ikaanza kupinda, na akawa analia nikimgusa mgongo. Daktari alinieleza kuwa nyama tupu ina fosforasi kama mara 15 au zaidi ya kalsiamu, ilhali mbwa anahitaji kalsiamu ilingane na fosforasi au izidi kidogo. Asipoipata kwenye sahani, mwili unaichota mifupani. Huyo ni mnyama aliyekuwa akinilaki langoni kila jioni. Bado inaniuma.

Lakini hilo lilikuwa kosa langu nyumbani kwangu. La sisi sote ni tegu, yaani mnyoo bapa wa tumboni. Kuna tegu mdogo wa mbwa, urefu wake milimita chache tu. Mbwa humpata akila mapafu au maini mabichi yenye mabuu yake, ndani ya yale mafuko ya maji ambayo kila mchinjaji anayajua. Baada ya wiki 6 au 7, kinyesi cha mbwa huanza kutoa mayai, nayo hushika kwenye manyoya, kwenye vidole vya mtoto, kwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba. Binadamu akiyameza, fuko hukua kwenye ini au pafu kimyakimya kwa miaka, na mara nyingi huondolewa kwa upasuaji. Waturkana, ndugu zetu wa kaskazini-magharibi mwa Kenya, wameteswa na ugonjwa huu kuliko karibu watu wengine wote duniani. Na mbuzi mwenye mafuko habaki kaunti aliyozaliwa.

Mwenye bucha (Mamboleo)

Ndugu yangu, pole kwa mbwa. Ila mzigo huu usitubebeshe sisi. Nyama yangu imepigwa muhuri. Mkaguzi akiona fuko kwenye ini, ini hilo linaharibiwa. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura 356, hainiruhusu kulitoa, hata kwa mbwa. Wewe nenda kwenye matanga yoyote huku kwetu. Ng'ombe ameangushwa bomani, mkaguzi hayupo, mapafu yanatupwa nyuma ya mgomba na mbwa wa kijiji kizima wanagombania. Hao utawakataza na sheria gani?

Mfugaji (Njoro, Nakuru)

Mimi nalisha mbichi na sitaacha. Nagandisha kila kitu kwenye friza siku nyingi kabla ya kulisha. Baridi kali inaua hayo mafuko.

Mwanzisha mjadala

Kaka wa Njoro, kuhusu mafuko uko sawa, ikiwa friza inaganda kweli na stima haipotei. Lakini salmonela, bakteria wa kuharisha, haifi kwa kugandishwa. Mtoto anayelambwa uso na mbwa aliyetoka kula haulizi kuhusu friza.

Mama wa Nyalenda

Nina mbwa watatu wa kulinda boma, friza sina. Makaa ya kuchemsha mapafu nusu saa ni mboga ya watoto wangu. Ukikataza mabichi, mbwa wangu watarudi kwenye ugali mtupu, tena wa ule unga ulioshika ukungu ambao sisi hatuli. Hapo umewasaidia?

Kijana wa Obunga

Mama, njoo Obunga uchukue mgongo wazi. Yale mabaki ya mbuta yakishatolewa mnofu kiwandani, bado yana nyama nzuri kichwani. Yanaiva haraka kuliko mapafu.

Mwanzisha mjadala

Mama, umenipata pagumu, na sitakujibu kwa haraka.

Huo unga wa ukungu usimpe mbwa, tafadhali. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 Ukambani, na ini la mbwa huharibika vilevile. Mgongo wazi ni wazo zuri, ila toa mnofu, miiba tupa. Omena ndiyo naipenda zaidi: samaki mzima, mifupa laini, kalsiamu imo ndani. Ichemshe kwenye sufuria moja na ugali, bila kitunguu. Ukiwa na nyama tupu, saga maganda ya mayai yawe unga laini kabisa, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama. Maini yawe kidogo, si zaidi ya sehemu moja katika kumi. Mifupa iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vyenye ncha. Na dawa ya minyoo iwe yenye prazikwanteli, maana nyingine nyingi hazimgusi tegu huyu.

Sasa nikurudie, mwenye bucha. Nimekubali kuhusu matanga. Nilianzia mahali rahisi, penye muhuri na mkaguzi, nikaacha penye hatari kubwa zaidi. Bado naona mapafu yasitoke bucha yakiwa mabichi, kwa sababu fuko dogo lililo ndani linaweza kumpita mkaguzi aliye mwangalifu. Lakini kama kaunti ina nguvu ya jambo moja tu, lianzie bomani: shimo refu, mapafu yenye mafuko yafukiwe au yachomwe, mbwa wafungwe siku ya kuchinja.

Mwenye bucha

Hapo tuko pamoja. Hilo la bucha, bado napinga.

Mama wa Nyalenda

Jumamosi tuna matanga kwa shemeji yangu. Nitazungumza na wazee shimo lichimbwe kabla ng'ombe hajaangushwa. Ardhi ya pale ni mawe matupu. Kuna mwenye sururu ya kuazima?