Mpelelezi mstaafu: nianze na Bosch au Rebus?

Msomaji_Tanga
Wadau, salaam. Natafuta riwaya ya kipolisi ambayo mpelelezi kashastaafu, ila kuna kesi moja haimpi usingizi. Kwenye vitabu vya mitumba nimekuta mbili: Lost Light ya Michael Connelly (2003) na Standing in Another Man's Grave ya Ian Rankin (2012). Hela niliyonayo ni ya kitabu kimoja tu.

Mama Zuhura
Chukua Lost Light, mdogo wangu. Harry Bosch ameacha kazi ya polisi Los Angeles, na siku ya kutoka akabeba nakala za majalada yaliyomkaa rohoni. Moja ni la binti aliyeuawa, Angella Benton. Kinachomrudisha ni mikono ya marehemu, jinsi ilivyokutwa imekaa kama ya mtu anayeomba. Miaka minne imepita na bado anaiona. Tena safari hii Bosch anasimulia mwenyewe. Vitabu vyake vya nyuma havikuwa hivyo. Unamsikia anavyobisha hodi kwa watu akiwa hana beji, na mtu akimfungia mlango hana la kufanya.

Mwana_wa_Kota
Shikamoo Mama Zuhura. Kwa heshima zote, mimi nampa Rankin. Nimekulia kota za polisi, baba yangu alikuwa mpelelezi. Bosch kaondoka kabisa, ana uhuru wake. Rebus, mpelelezi wa Rankin, yeye kastaafu halafu karudi kazini kwa polisi wa Edinburgh kama mfanyakazi raia kwenye kitengo cha kesi za zamani. Yumo ndani na hayumo. Siobhan Clarke, aliyekuwa chini yake, sasa ndiye mwenye mamlaka. Anakuja mama ambaye binti yake alipotea mkesha wa mwaka 2000, anaamini kuna wasichana wengine waliopotea kando ya barabara hiyohiyo ya A9. Rebus anaisikiliza hadithi ambayo wenzake wanaiona ya kuwapotezea muda.

Baba alipostaafu, alienda siku moja kituo alichofanya kazi miaka mingi, kuulizia kesi aliyoiacha. Kijana wa kaunta akamsogezea daftari: "Mzee, andika jina na shida yako." Akaandika. Kurudi nyumbani alivua viatu, akakaa nje hadi magharibi, chai ikapoa pembeni. Nilipomsoma Rebus nilimwona yeye.

Juma_K
Kuna aliyetaka vya kwetu? Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, hakuwa polisi. Inspekta Wingo wa Simu ya Kifo (Katalambulla, 1965) ni polisi hasa, ila yuko kazini. Natamani mtu atuandikie kachero mstaafu wa Dar, asubuhi anafuatilia kiinua mgongo, jioni anafuatilia muuaji.

Msomaji_Tanga
Lazima nisome vya nyuma kwanza?

Mama Zuhura
Marahaba mwanangu Mwana_wa_Kota, Mungu amtunze mzee. Tanga, si lazima. Bosch anaacha kazi kwenye City of Bones (2002), Rebus anastaafu kwenye Exit Music (2007), lakini hivi viwili ulivyovikuta vinakushika mkono tangu mwanzo.

Msomaji_Tanga
Lile daftari la kaunta limeniamulia. Kesho asubuhi namfuata Rebus, na nitamwomba muuzaji anifichie Bosch chini ya meza hadi mwisho wa mwezi.