Baba anaganda kizingitini, lakini isukuti ikilia anatembea

Binti wa Shinyalu
Habari zenu. Baba yangu ana miaka 71, na huu ni mwaka wa nne tangu aambiwe ana ugonjwa wa Parkinson. Mkono kutetemeka tumeshazoea. Kinachotutesa ni kuganda. Akifika kizingiti cha jikoni miguu inanata chini kama imepigiliwa misumari, huku kifua kinataka kwenda. Ameanguka mara mbili tangu Pasaka.

Jumamosi kulikuwa na harusi ya binamu yangu. Nilimkalisha chini ya mparachichi. Isukuti ilipoingia, ngoma tatu na pembe, nikaona kidole chake kinagonga goti. Mara akaninyoshea mkono. Akasimama, akaenda hadi kwa wapigaji, mabega yakitikisika vile yanavyotikisika kwa mtu aliyezaliwa Isukha. Hatua kumi na kitu, hakukwama hata mara moja. Nililia. Ngoma ziliponyamaza akaganda pale pale uwanjani, ikabidi vijana wawili wamrudishe kitini.

Shangazi amenikasirikia, anasema mgonjwa hachezeshwi. Hata mhudumu aliyemwona mwanzoni alisema apumzike tu. Naomba anayejua anijibu: niliyoyaona ni kweli, au ilikuwa raha ya harusi? Nikimchezesha nyumbani nitamuumiza?

Mnyoosha Viungo, Nakuru
Dada, uliyoyaona ni kweli, nami huyaona kazini. Parkinson huua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo, na bila dopamini ya kutosha, mwendo ambao wewe huufikirii kabisa unakuwa kazi ngumu. Ngoma inampa mguu ishara kutoka nje, hangoji tena ile ya ndani inayochelewa. Ndiyo maana ziliponyamaza naye akasimama. Brooklyn, Marekani, kikundi cha dansi cha Mark Morris kilianza kuwafundisha wagonjwa wa Parkinson mwaka 2001, na sasa madarasa kama hayo yako nchi nyingi. Ugonjwa hauponi, na dawa asiache. Ila hatua na usawa wa mwili huwa afadhali, na mtu anarudi kujihisi mtu.

Sasa usalama, hapo usilegeze. Mchezeshe dawa ikiwa imeshika. Toa mikeka, mvue patipati, avae viatu vinavyobana kisigino. Weka kiti kizito karibu naye. Akitoka kukaa asimame kwanza atulie, kwa sababu presha ya wengi hushuka wakiinuka. Na asigeuke kwa ghafla: atembee mzunguko mpana. Wengi huangukia kwenye kugeuka.

Mama wa Kondele
Mwanangu, pole. Mume wangu nilimuuguza miaka tisa hapa Kisumu. Mimi sikuwa na ngoma, nilikuwa na makofi. Nilitangulia nikipiga na kuimba wimbo wa kanisani anaoupenda, anakuja nyuma yangu. Wimbo usiwe wa haraka, ukimkimbiza atajikwaa.

Dawa tulikuwa tunampa pamoja na samaki, hatuoni nafuu. Daktari akatueleza kwamba protini ya samaki inashindana na levodopa, ndiyo hiyo dawa yake, tumboni. Tukaanza kumpa nusu saa kabla ya kula, tukaona tofauti. Muulize daktari wenu. Na shangazi usigombane naye, anaogopa tu. Mwite amshike baba mkono wa pili.

Binti wa Shinyalu
Asanteni sana. Leo nilimpa dawa mapema, nikangoja, kisha mdogo wangu akapiga debe la maji. Baba akasema, "Hiyo si isukuti." Akalivuta debe, akapiga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka kijana akaushika mpigo. Ndipo akavuka kizingiti, shangazi akiwa ubavuni.

Bado nina swali moja. Usiku akienda choo hakuna wa kumpigia ngoma. Mlifanyaje?

Mama wa Kondele
Tulibandika utepe mweupe sakafuni, mstari kwa kila hatua, kutoka kitandani hadi mlangoni. Anakanyaga juu ya mstari huku anahesabu kwa sauti. Taa tuliiacha ikiwaka usiku kucha. Akiganda usimvute mkono, mwambie ahamishie uzito mguu mmoja, halafu aanze upya kuhesabu.